Gari Kuukuu, Gari la Kale: Kinsey Millhone na Wakati Uliozuiwa katika Riwaya za Sue Grafton

Wahakiki wa fasihi pendwa tumezoea kuvipita vifaa vya mpelelezi kama mgeni apitavyo samani katika nyumba ya wenyewe: tunaviona, tunakiri kwamba vipo, tunaendelea na mambo yetu. Kiko cha Sherlock Holmes, ambacho kilivuka bahari na kuingia kinywani mwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, huelezwa kuwa ni pambo la kumtambulisha mhusika, na maelezo huishia hapo. Mwandishi wa makala haya naye amefundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Siku moja katika semina ya uzamili mwanafunzi aliuliza kwa nini wapelelezi wengi wa kubuni, watu ambao kazi yao inawataka wasionekane, hupewa magari makuukuu ambayo mtu huyatambua toka mbali. Jibu lililotolewa siku hiyo lilikuwa la mkato, nalo halikuwa jibu. Kurasa hizi zinakusudia kulirudia swali lile kwa uangalifu zaidi, kwa kutumia hasa riwaya za Mmarekani Sue Grafton na mpelelezi wake wa kujitegemea, Kinsey Millhone.

Hoja yetu ni kwamba katika riwaya za mfululizo, ambapo mpelelezi huzuiliwa asizeeke ili kitabu kijacho kiwezekane, gari ndilo hubeba umri ambao mwenyewe amenyimwa. Kwa Grafton gari hubeba na jambo zito zaidi ya umri, nasi tutalifikia.

Kwanza hatuna budi kutenganisha istilahi mbili ambazo Kiswahili, kwa bahati njema, kinazo tayari. Gari kuukuu ni lile lililochakaa, ambalo mwenye nalo angelibadilisha kesho kama angekuwa na fedha. Gari la kale ni lile ambalo uzee umelipa heshima. Watu hulipia zaidi ya thamani lililokuwa nayo lilipokuwa jipya. Hakuna gari linalozaliwa la kale. Huanza likiwa jipya, likawa kuukuu, na likinusurika miaka ya kudharauliwa huenda likawa la kale. Kipindi hicho cha kati, cha kudharauliwa, ndicho ambacho riwaya ya upelelezi imekipenda, japo haikukipenda tangu mwanzo.

Lord Peter Wimsey wa Dorothy L. Sayers, aliyeingia uwanjani mwaka 1923 katika Whose Body?, huendesha magari aina ya Daimler, kila moja likirithi jina la Mrs Merdle kutoka kwa mhusika wa Dickens asiyevumilia makelele. Magari hayo sisi leo tungeyaita ya kale, lakini katika ulimwengu wa riwaya ni mapya, tena ya fahari, na kazi yake ni kumpeleka kabaila haraka hadi palipo na maiti. Msomaji wa leo anayeyaona kuwa ya kale anajisomea umri wake mwenyewe. Tuliweke hilo akilini, kwa kuwa litarudi.

Mabadiliko makubwa tunayaona kwa John D. MacDonald, aliyezaliwa 1916 na kufariki 1986. Mpelelezi wake, Travis McGee, alitokea mwaka 1964 katika The Deep Blue Good-by na kuendelea kwa riwaya 21, kila moja ikiwa na rangi katika jina lake, hadi The Lonely Silver Rain ya mwaka 1985. McGee hana leseni ya upelelezi. Huwarudishia watu mali waliyodhulumiwa ambayo sheria imeshindwa kuirudisha, akabaki na nusu yake. Anaishi ndani ya mashua aliyoishinda kwa mchezo wa karata, katika gati F-18 huko Bahia Mar, Fort Lauderdale, Florida. Gari lake ni Rolls-Royce ya mwaka 1936 ambayo mwenyewe wa awali, baada ya sehemu ya nyuma kuharibika, aliigeuza pikapu na kuipaka rangi ya buluu inayoumiza macho. McGee aliiita Miss Agnes, jina la mwalimu wake wa shule ya msingi aliyekuwa na nywele za rangi hiyohiyo.

Msomaji wa Nairobi hatashangaa kusikia gari la heshima limekatwa kiuno likawa la kubebea mizigo. Mafundi wetu wa jua kali wameyafanya hayo kwa magari ya kila ukoo. Linaloshangaza ni kwamba McGee analipenda jinsi lilivyo wala hatamani kulirudisha katika hali yake ya awali. Rolls-Royce ni nembo ya tabaka, na kwetu sisi tuliotawaliwa nembo hiyo ina kumbukumbu zake. MacDonald anaichukua nembo, anaivunja sehemu ya nyuma, anaipaka rangi ya kihuni, kisha anaikabidhi kwa mtu asiyetaka kuajiriwa. Hasira yake juu ya Florida iliyokuwa ikifukiwa kwa saruji na majumba ya kukodisha, hasira inayojitokeza pia katika A Flash of Green (1962) na Condominium (1977), imo ndani ya pikapu ile. Katika nchi inayotupa kila kitu baada ya miaka mitatu, kitu cha mwaka 1936 kinachokwenda kwa nguvu zake chenyewe ni aina ya upinzani. The Long Lavender Look ya mwaka 1970 inaanza kwa Miss Agnes kutumbukia mferejini usiku, baada ya McGee kumkwepa msichana aliyekatiza barabara ghafla, na kutokana na ajali hiyo McGee na rafiki yake Meyer wanajikuta mikononi mwa polisi wakishukiwa mauaji.

Hata hivyo, tusimpambe MacDonald kupita kiasi. Wanawake katika riwaya hizi aghalabu huwa majeruhi ambao McGee huwauguza kitandani mwake, na upendo wake kwa Miss Agnes una harufu ya uangalizi uleule wa bwana mwema. Gari lina jina la mwanamke, halijibu, na halimwachi. Ni katika mwanya huo hasa ambapo Sue Grafton aliingia.

Grafton alizaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1940, binti wa wakili C. W. Grafton ambaye naye aliandika riwaya za upelelezi. Baada ya miaka ya kuandikia televisheni na sinema, kazi iliyomwachia chuki ya kudumu juu ya Hollywood, alitoa "A" Is for Alibi mwaka 1982. Alinuia kumaliza alfabeti nzima. Mji anamoishi mpelelezi wake, Santa Teresa, ni mji wa kubuni wenye sura ya Santa Barbara, California, na jina lake limeazimwa kutoka kwa Ross Macdonald. Huyu asichanganywe na MacDonald wa Florida, ingawa wasomaji waliwachanganya kiasi cha kumfanya Ross abadilishe jina lake la kuandikia. Kwa hiyo Grafton alirithi mji kutoka kwa Macdonald mmoja, na tunaweza kusema kwamba alirithi suala la gari kutoka kwa mwingine, akaligeuza.

Kinsey Millhone ana umri wa miaka 32 mwaka 1982. Ana leseni, aliwahi kuwa askari polisi, ametalikiwa mara mbili. Masimulizi ni ya nafsi ya kwanza na hupewa umbo la ripoti kwa mteja, hata sahihi yake huja mwishoni. Anaendesha Volkswagen ya mwaka 1968, ile yenye mgongo wa kobe, ya rangi iliyofifia kama mchanga. Aina hiyo ya gari tunaijua vizuri huku kwetu; ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1962. Huko Marekani, kufikia 1982, ilikuwa imekoma kuuzwa ikiwa mpya kwa miaka michache tu. Lilikuwa gari kuukuu kwa maana kamili: rahisi, lenye makelele, lililojaa majalada na vikorokoro katika kiti cha nyuma. Mtu alilitazama bila kuliona, na kwa hiyo liliifaa kazi. Hapakuwa na ukale wowote ndani yake.

Ukale ulikuja baadaye, na haukuletwa na tukio lolote ndani ya hadithi. Grafton aliamua kwamba kila riwaya ianze muda mfupi tu baada ya ile iliyotangulia. Matokeo yake ni haya: riwaya ya kwanza ilitoka 1982 na ya 25, Y Is for Yesterday, ikatoka 2017, yaani miaka 35, lakini ndani ya hadithi tumetoka mwaka 1982 na kufika 1989, miaka saba. Kinsey alikuwa na miaka 32, sasa ana 39. Mwandishi alikuwa na miaka 42, sasa ana 77. Kwa kila mwaka mmoja wa mpelelezi, mwandishi na wasomaji wake walizeeka miaka mitano.

Nani alibeba tofauti hiyo? Vitu. Taipureta iliyokuwa ya kawaida katika kitabu cha kwanza ikawa kitu cha makumbusho. Simu za sarafu kando ya barabara, kadi ndogo za kuandikia dondoo za uchunguzi, safari za kwenda kusoma majalada katika ofisi za umma, vyote hivyo vilihama polepole kutoka usasa hadi historia bila ya sentensi hata moja kubadilika. Gari ndilo lililohama kwa uwazi zaidi. Volkswagen ya mwisho ya aina hiyo ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, wakati Grafton akiwa bado anaandika. Msomaji aliyefungua riwaya ya awali alipoitoa aliliona gari kuukuu. Anayeifungua leo huliona gari la kale. Tulikwishaliona jambo hili kwa Daimler za Wimsey, lakini Sayers hakulipanga. Grafton, aliyeendelea kuandika huku akiujua mwendo huo, aliandika ndani yake. Katika riwaya za baadaye Kinsey ana Mustang ya mwaka 1970 ya rangi ya buluu kali, gari ambalo mashabiki wa magari wangelipigania, naye analalamika kwamba linavutia macho mno kwa kazi ya kumfuatilia mtu. Tunamsikia hapo mwandishi akicheka kidogo: gari la kale limefika ndani ya hadithi kwa jina lake, na mpelelezi analiona kuwa ni mzigo.

Kama mambo yangeishia hapa, tungekuwa na hoja nadhifu kuhusu wakati wa usimulizi na wakati wa kusoma, nayo ingetosha kwa semina. Lakini kuna jambo jingine ambalo, kwa maoni yetu, ndilo uti wa mgongo wa mfululizo mzima, na ambalo wanaoyachukulia magari haya kama mapambo hawawezi kulifikia.

Wazazi wa Kinsey walifariki katika ajali ya gari alipokuwa na umri wa miaka mitano. Yeye alikuwa nyuma, akanaswa katika mabaki kwa saa kadhaa hadi alipookolewa. Shangazi aliyemlea, Gin, aliishi naye katika nyumba ya magurudumu, zile zinazoegeshwa katika viwanja maalumu. Na tunapomkuta akiwa mtu mzima anaishi wapi? Katika chumba kilichokuwa zamani banda la gari moja, uani kwa mzee Henry Pitts, mwoka mikate mstaafu. Tukizipanga nyumba zake kwa mfuatano, tunaona gari lililopondeka, kisha nyumba yenye magurudumu, kisha banda la gari. Mwenyewe husema tu kwamba anapenda mahali padogo. Anayasema hayo kama mtu anayetaja chakula akipendacho, na msomaji aliyezoea mizaha yake anaweza kupita bila kusimama.

Ukishayaona hayo, ile Volkswagen haiwezi tena kuwa pambo. Ni chombo kidogo, kilichofungwa, ambamo mtoto wa miaka mitano bado ameketi. Katika "G" Is for Gumshoe (1990) gari hilo linasukumwa nje ya barabara na mtu aliyetumwa kumuua Kinsey, nalo linaharibika kabisa. Anapata nini baadaye? Volkswagen nyingine, ya mwaka 1974, ya buluu hafifu. Mhakiki anayesoma kwa haraka ataona hapo uchovu wa ubunifu. Sisi tunaona mtu anayerudia. Hata ugunduzi wa "J" Is for Judgment (1993), kwamba jamaa za mama yake walikuwa hai wakati wote, tena mwendo mfupi tu kutoka alipo, haumtoi katika banda lile.

Riwaya ambamo suala hili linafikia kilele ni S Is for Silence ya mwaka 2005. Violet Sullivan alitoweka tarehe 4 Julai 1953, pamoja na gari jipya aina ya Chevrolet Bel Air alilonunuliwa na mumewe. Watu wa mji walikubaliana kwamba alikimbia na mwanamume. Binti yake Daisy alikuwa na umri wa miaka saba, na mwaka 1987, miaka 34 baadaye, ndiye anayemwajiri Kinsey. Katika riwaya hii Grafton anaivunja kanuni yake ya usimulizi: sura za Kinsey, zilizo katika nafsi ya kwanza, zinapishana na sura za nafsi ya tatu zinazotokea mwaka 1953. Ripoti kwa mteja haitoshi tena. Kuna mambo ambayo mpelelezi hawezi kuyaripoti kwa kuwa hakuwapo. Daraja linalounganisha nyakati hizo mbili ni gari. Hatimaye linachimbuliwa kutoka ardhini, na Violet yumo ndani.

Bel Air ya 1953 ni miongoni mwa magari ambayo wapenzi wa vitu vya kale huko Marekani huyathamini sana. Hili halikupata nafasi hiyo. Lilizikwa likiwa jipya, likatolewa likiwa kutu. Halikupita katika ule ukuukuu unaotangulia ukale. Wakati ulizuiliwa usiliguse, na huo ndio uliokuwa uharibifu wake. Ni vigumu kutoliona hapa neno la mwandishi juu ya ufundi wake mwenyewe, kwani yeye ndiye aliyemzuia Kinsey katika miaka ya 1980 kwa zaidi ya miongo miwili kufikia wakati huo. Ni vigumu zaidi kutowaona wasichana wawili. Daisy aliachwa nje ya gari lililomzika mama yake. Kinsey alikuwa ndani ya gari lililowaua wazazi wake. Mmoja anatafuta kujua, mwingine anatafuta kwa niaba yake, na kwa mara moja katika mfululizo huu malipo ya mteja yanaonekana kuwa kisingizio tu.

Yuko atakayesema kwamba tunaisomea riwaya ya burudani maana isiyokuwamo. Tunajibu kwamba maelezo haya yote yamo katika matini, tena yamerudiwarudiwa, na mwandishi aliyepanga herufi 26 miaka 35 kabla hakuwa mtu wa kuweka vitu ovyo.

Upo pia ulinganisho ulio karibu nasi zaidi. Bwana Msa alianza na Mzimu wa Watu wa Kale (1960), akaendelea na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na nyinginezo hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Unguja anamotembea ni aghalabu ile ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, ingawa nyingi ya riwaya hizo zilitoka baada yake. Wahakiki wetu wamemlaumu Muhammed Said Abdulla kwa ukimya huo, wakauita kukwepa siasa. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini ni mara chache tumeuliza ni kitu gani katika riwaya hizo kinachobeba miaka ambayo mpelelezi amezuiliwa asiivuke: kiko, barza, ngano ya Giningi, au lugha yenyewe ya Kiunguja inayosikika kwetu leo kuwa na ladha ya zamani kuliko ilivyosikika mwaka 1960. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanzia hapo.

Sue Grafton alifariki tarehe 28 Desemba 2017, miezi michache baada ya Y Is for Yesterday kutoka, na familia yake ikatangaza kwamba alfabeti inaishia Y. Alikuwa amekataa katakata riwaya zake zigeuzwe filamu, akijua pengine yaliyompata Colin Dexter wa Oxford. Inspekta wake Morse alipewa Lancia vitabuni kuanzia 1975. Televisheni ilipompa Jaguar Mark 2 mwaka 1987, Dexter mwenyewe alisalimu amri, na matoleo ya baadaye ya riwaya yakabadilishwa ili yalingane na skrini. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba haki za kutengeneza mfululizo wa televisheni kutokana na riwaya za Kinsey Millhone zimeuzwa. Atakayeufanya kazi hiyo na kubaki katika mwaka 1982 atahitaji Volkswagen ya 1968 ya rangi ya mchanga, chakavu, isiyostahili kutazamwa mara mbili. Ataitafuta kwa watu wanaokusanya magari ya kale, atailipia bei ya gari la kale, kisha itabidi amwajiri fundi wa kuichakaza.